Kuvu Iliyofuga Mwani: Uainishaji na Sifa za Marere na Jamaa Zake

Utangulizi

Katika ufuo wa Osieko, kule Bunyala ambako Kaunti ya Busia inagusa Ziwa Victoria, anayetazama kwa makini magome ya miti mikongwe na mawe yasiyofikiwa na mawimbi huona mabaka. Mengine ni meupe kama chokaa iliyomwagika, mengine ya kijivu, mengine yanaelekea manjano. Akiuliza mabaka hayo ni nini, huenda akajibiwa kuwa ni ukungu, au ni kutu ya mti, au ni ugonjwa, au ni uchafu tu wa mvua. Majibu hayo hayalingani, lakini yote yanafanya kazi moja: kila jibu linakitia kitu kisichojulikana katika kundi la vitu vinavyojulikana. Huo ndio mwanzo wa uainishaji.

Makala haya yanakusudia kutimiza mambo matatu. Kwanza, kueleza viumbe hao ni nini na huainishwa kwa vigezo vipi. Pili, kuchambua kundi moja miongoni mwao, yaani marere ya Pwani, ambayo katika karne ya 19 yalikuwa bidhaa iliyosafirishwa kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya. Tatu, kuonyesha kwamba suala la kuyapa mambo haya majina ya Kiswahili si pambo la wanaisimu, bali lina athari kwa historia inayosomwa na kwa urithi unaohifadhiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili asistaajabu kukuta kuvu katika jarida lake. Atakuta humu mjadala anaoujua tangu mwaka wa kwanza, ule wa ngeli.

Kuvumwani ni nini?

Katika makala haya litatumika neno kuvumwani, ambalo ni muungano wa maneno mawili, kuvu na mwani. Kiumbe kinachotajwa hapa si mmea. Ni ushirika. Kuvu hujenga kiwiliwili: hutandaza nyuzi zake, hushika gome au jiwe, na hutengeneza ngozi ya nje inayozuia jua kali na ukavu. Ndani ya ngozi hiyo mna seli za mwani, au pengine za bakteria wa rangi ya kijani-buluu, ambazo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari kwa njia ya usanidinuru. Kuvu haiwezi kazi hiyo. Hula sukari ya mwani, na mwani hupata makazi mahali ambapo peke yake ungekauka. Kwa ufupi, ni kuvu iliyofuga mwani, kama mtu afugavyo ng'ombe kwa ajili ya maziwa.

Wazo hili halikukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 1753, Linnaeus aliwaweka viumbe hawa wote katika jenasi moja na kuwapanga pamoja na mwani. Erik Acharius, mwanafunzi wake aliyekuja kuitwa baba wa elimu ya kuvumwani, aliwagawa katika jenasi nyingi mwanzoni mwa karne ya 19, lakini yeye pia aliwaona kuwa kiumbe kimoja kimoja. Mswisi Simon Schwendener ndiye aliyetangaza mwaka 1867 kwamba kila kuvumwani ni viumbe viwili. Wataalamu wakubwa wa wakati wake, akiwamo William Nylander, walimpinga vikali. Baadaye ushahidi ulimwelemea kila mpinzani. Hata hivyo, hesabu ya Schwendener nayo haikuwa ya mwisho, kwani mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kuwa katika ngozi ya kuvumwani nyingi huishi pia kuvu nyingine ya jamii ya hamira. Nyumba iliyodhaniwa kuwa ya wawili ikaonekana ina mpangaji wa tatu.

Hadi sasa zimeelezwa spishi zinazokaribia 20,000 za kuvu za namna hii duniani. Karibu zote zimo katika faila ya Ascomycota, yaani kuvu zinazotunga spora zao ndani ya vifuko vidogo mno.

Uainishaji wa umbo na uainishaji wa ukoo

Njia rahisi ya kuziainisha kuvumwani ni kwa umbo la kiwiliwili. Kwa kigezo hiki hupatikana makundi makuu matatu. La kwanza ni la magaga, ambazo hugandamana na jiwe au gome kiasi kwamba haziwezi kubanduliwa bila kuvunja kilichozibeba. La pili ni la majani, ambazo zina vipande bapa vyenye upande wa juu na wa chini, na ambazo ukucha huweza kuziinua. La tatu ni la vichaka, ambazo husimama au kuning'inia kama matawi, nyuzi au ndevu, zikiwa zimeshikilia kwa sehemu ndogo tu.

Makundi haya yana manufaa. Mwanafunzi aliyeko Osieko au Malaba anaweza kuyatambua bila hadubini. Lakini hayasemi nani ni ndugu wa nani. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutabasamu, kwa kuwa mgogoro huu ni wake pia.

Ngeli, neno ambalo wanasarufi walilitoa katika Kihaya kwa maana ya aina, zimewahi kupangwa kwa vigezo viwili. Kigezo cha kimofolojia hutazama kiambishi cha nomino yenyewe: kiti, kisu na kiboko huwa pamoja kwa kuwa zote zinaanza na ki-. Kigezo cha upatanisho wa kisarufi hutazama jinsi nomino inavyotawala tungo nzima: kiti hiki kimevunjika, lakini kiboko huyu amekasirika. Kwa umbo, kiboko ni ndugu wa kiti. Kwa mwenendo wake katika sentensi, ni ndugu wa mtu na mvuvi.

Kuvumwani zina vibóko vyao. Katika misitu ya juu ya Mlima Elgon na Mlima Kenya, huning'inia kuvumwani za jenasi Usnea, zenye nyuzi za kijani-kijivu kama ndevu za mzee. Katika Pwani ya Bahari ya Hindi huning'inia marere, ambayo pia ni ya kijivu na pia yana matawi. Anayetazama umbo atayaweka pamoja katika kundi la vichaka. Anayetazama vifuko vya spora, kemia na DNA atayatenganisha mbali sana, kwani Usnea ni ya ngeli ya Lecanoromycetes, na marere ni ya ngeli ya Arthoniomycetes. Kinyume chake, ndugu wengi wa karibu wa marere ni magaga membamba yaliyoambaa kwenye magome, yasiyofanana na kichaka hata kidogo.

Msomaji ameona kuwa neno ngeli limetumika hapa kwa maana ya kibiolojia. Si kosa. Waandishi wa biolojia kwa Kiswahili hutumia mfuatano wa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kwa mfuatano huo marere ya Pwani hupangwa hivi: himaya ya kuvu, faila Ascomycota, ngeli Arthoniomycetes, oda Arthoniales, familia Roccellaceae, jenasi Roccella, na spishi inayojulikana zaidi Pwani ni Roccella montagnei. Majina ya Kilatini huachwa kama yalivyo, kwa kuwa ni mali ya walimwengu wote. Vyeo vinavyoyabeba ndivyo vilivyopata Kiswahili.

Sifa za marere

Sifa ya kwanza ya marere ni umbo. Ni mikanda bapa, ya rangi ya kijivu au nyeupe iliyofifia, iliyogawanyika mara kwa mara, na inayoweza kupita sentimita 10 kwa urefu. Huota kwenye matawi na mashina ya miti ya karibu na bahari, ikiwamo mikoko. Hupenda hewa ya chumvi yenye unyevu, na hiyo ndiyo sababu mtu wa Osieko asiyatafute kwenye miti ya ziwa lake. Ziwa Victoria lina unyevu, lakini halina chumvi ya bahari.

Sifa ya pili ni mwani unaofugwa. Marere hufuga mwani wa jenasi Trentepohlia. Kwa ukoo ni mwani wa kijani, ila seli zake zimejaa rangi ya machungwa inayoficha ukijani huo. Ukikwangua kidogo ngozi ya kuvumwani yenye mwani wa aina hii, mara nyingi jeraha huonyesha rangi ya manjano au machungwa badala ya kijani kibichi. Kuvu nyingi za oda ya Arthoniales zina mfugo huohuo, hata zile za magaga.

Sifa ya tatu ni uzazi. Kuvu hutoa spora zake katika vifuko vilivyomo ndani ya visahani vidogo vyeusi, na kila spora ya Roccella ina seli nne zilizojipanga mstari mmoja. Lakini spora hubeba kuvu peke yake. Ikitua mahali pasipo na mwani unaofaa, haifiki mbali. Kwa sababu hiyo kuvumwani nyingi, marere yakiwemo, hutumia pia njia nyingine: hutoa vumbi laini ambalo kila chembe yake ina nyuzi za kuvu zilizokumbatia seli za mwani. Chembe hiyo ikipeperushwa na upepo huwa imesafiri na mfugo wake.

Sifa ya nne, na ndiyo iliyoyapa marere bei, ni kemia. Ndani yake mna erithrini, kemikali isiyo na rangi. Ukidondoshea kipande cha marere tone la maji ya klorini ya kung'arishia nguo, mahali palipoguswa hugeuka pekundu kwa muda mfupi. Wataalamu hutumia kipimo hicho kutofautisha spishi zinazofanana kwa macho. Marere yakisagwa na kuchachushwa kwa wiki kadhaa pamoja na amonia huku yakipata hewa, erithrini hubadilika kuwa oseini, rangi ya zambarau. Zamani amonia hiyo ilipatikana katika mkojo uliochacha.

Kwa njia iliyo karibu na hiyo ilipatikana litimasi. Kila mwanafunzi wa shule ya upili aliyewahi kuchovya karatasi ya litimasi katika maji ya ndimu ikageuka nyekundu, au katika maji ya sabuni ikageuka buluu, ameshika rangi ambayo kwa asili ilitoka katika kuvumwani, hasa za jenasi Roccella. Oseini nayo bado hutumika maabarani kutia rangi kromosomu ili zionekane chini ya hadubini.

Marere katika biashara ya Pwani

Biashara ya rangi hii ni ya kale katika Bahari ya Mediterania. Kwa mapokeo ya mji wa Florence nchini Italia, ukoo wa Rucellai ulitajirika kwa rangi ya kuvumwani na hata jina la ukoo huo likatokana nayo. Viwanda vya Ulaya vilipohitaji mali ghafi zaidi, wafanyabiashara walielekea mbali zaidi, na katika karne ya 19 wakafika Afrika Mashariki. Orodha za bidhaa zilizosafirishwa kupitia Zanzibar katika miaka ile zinataja pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, kauri, na pamoja nazo marere, yaliyokusanywa katika pwani ya kaskazini hadi Banadiri.

Kilichoiangusha biashara hii hakikutoka Pwani. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, akiwa na umri wa miaka 18 na akijaribu kutengeneza kwinini, alipata kwa bahati rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi za viwandani zilizofuata zilikuwa rahisi kutengeneza na hazikusubiri mtu apande mti. Thamani ya marere ikashuka, na neno lenyewe likaanza kufifia katika vinywa vya watu, kwa kuwa neno la biashara huishi kadiri biashara inavyoishi.

Suala la jina

Wafanyabiashara wa Kiingereza waliyaita marere magugu ya orchella. Jina hilo lina kosa la uainishaji, maana magugu ni mimea, na marere si mmea. Mtu anayetafsiri leo taarifa za wasafiri wa karne ya 19 anakabiliwa na mtego. Akiandika magugu, amefuata neno na kupotosha kitu. Akiandika mwani kwa kuwa kamusi ndogo haina msaada, amekosea mara ya pili, na msomaji wake atadhani watu walikuwa wakivua bidhaa hiyo baharini ilhali waliichuma mitini. Akiandika marere, anarudisha neno ambalo wenyeji walilitumia, pamoja na kazi ya waliokwea miti hiyo na kujaza magunia. Neno moja tu linaamua kama kazi ya watu hao itaonekana katika ukurasa au haitaonekana.

Kuhusu jina la jumla, kuna mapendekezo mawili yanayoweza kushindanishwa. La kwanza ni kukopa na kusema likeni. Lina faida ya kufanana na lugha nyingine, lakini halimwambii mzungumzaji wa Kiswahili lolote kuhusu kiumbe chenyewe. La pili ni kuvumwani. Hili lina uangavu, kwa kuwa linataja washirika wawili. Zaidi ya hayo, lina usahihi ambao pengine haukukusudiwa. Katika nomino ambatani nyingi za Kiswahili neno la kwanza ndilo kichwa: askarikanzu ni askari, si kanzu. Basi kuvumwani ni kuvu kwanza, na huchukua upatanisho wa kuvu: kuvumwani hii imekauka, kuvumwani hizi zimekauka. Kanuni za kimataifa za kutoa majina nazo husema hivyohivyo, kwamba jina la kisayansi la kuvumwani ni jina la kuvu yake, na mwani wake una jina lake peke yake. Sarufi na sayansi zimekutana mahali pamoja.

Hata hivyo tahadhari inahitajika, kwa kuwa kichwa cha nomino huweza kudanganya. Batamzinga huitwa bata, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na kuku. Lugha ina haki ya kusema hivyo, na hakuna haja ya kumbatiza ndege huyo upya. Lakini anayeunda istilahi mpya hana udhuru wa mazoea. Lazima aulize kwanza kitu ni nini, kisha achague kichwa.

Kutoka Malaba hadi Osieko

Kenya haikosi wataalamu wa somo hili. Kitabu cha Swinscow na Krog kuhusu kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki kilichapishwa mwaka 1988, na katika miaka ya 2010 mtafiti Mkenya Paul Kirika na wenzake walichapisha tafiti za DNA kuhusu kuvumwani za majani. Kazi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuchangia upande wa pili, na ukanda wa Busia unafaa kwa kazi hiyo, kwa sababu Mteso, Mnyala na Mjaluo hukutana humo na mara nyingi hukutana kwa Kiswahili.

Yafuatayo ni mazoezi mawili yanayowezekana. La kwanza ni kutembea kutoka Malaba, ambako malori ya Uganda na nchi za mbele yake hupanga foleni mpakani, hadi Osieko penye upepo wa ziwa, na katika kila kituo kuchunguza miti ya aina moja na kuandika maumbo matatu ya kuvumwani yanayoonekana. Kuvumwani hazina mizizi na hufyonza walicho nacho angani, kwa hiyo nyingi haziwezi kustahimili hewa chafu, hasa yenye gesi za salfa. Zile za vichaka aghalabu hutoweka kwanza. La pili ni kuwauliza wenyeji wa kila kituo jina walilonalo kwa mabaka hayo katika lugha yao, na kundi wanaloyaweka, kabla ya kuwaambia sayansi inasemaje.

Mahali pamoja pasiguswe. Katika vilima vya Chelelemuk, huko Teso Kaskazini, upo mwamba wa Kakapel wenye michoro ya kale, ambao ni urithi wa taifa ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuvumwani za magaga huweza kupenyeza nyuzi na asidi zake katika jiwe na kulilegeza polepole. Lakini kuzikwangua ovyo ni hatari zaidi, kwani gaga likibanduka huweza kuondoka na rangi iliyo chini yake. Anayeliita gaga hilo uchafu atatafuta brashi na maji. Anayejua kuwa ni kiumbe kilichoshikamana na jiwe atamwita mhifadhi. Hapo tofauti ya jina ni tofauti ya tendo, na mchoro uliofutika haurudi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuvumwani huweza kuainishwa kwa umbo au kwa ukoo, na kwamba vigezo hivyo viwili havitoi jibu moja, kama visivyotoa jibu moja katika ngeli za nomino. Yameonyesha pia kuwa marere ya Pwani ni kundi lenye sifa bainifu za umbo, mfugo, uzazi na kemia, na kwamba yana jina la Kiswahili lililotangulia makosa ya wafanyabiashara. Inapendekezwa kuwa wakusanyaji wa istilahi waanzie kwa majina kama hayo kabla ya kukopa, na kwamba wahadhiri wawatume wanafunzi wao nje ya maktaba kuyatafuta. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Marere yamekaa gizani kwa zaidi ya miaka 100, na mabaka ya Osieko bado yanasubiri ya kwao.